Njia ya miguu haina hati

Mpenzi msomaji, litaje leo jina la Sugoi mbele ya mtu wa Nairobi au Mombasa, naye atafikiria siasa papo hapo. Ndiko kwenye makazi ya William Ruto, aliyeapishwa kuwa Rais wa tano wa Kenya tarehe 13 Septemba 2022, na misafara ya magari na kamera za televisheni imeizoea barabara ya kwenda huko. Lakini ukurasa huu wa familia haushindani na kurasa za siasa. Leo nakualika Sugoi, na kutoka Sugoi hadi ukuta wa Elgeyo, kwa jambo lisilohitaji kadi ya chama wala mwaliko. Nakualika kutembea kwa miguu.

Huenda ukacheka. Utasema mtu wa kwetu hutembea kwa sababu hana nauli, na kwamba kutembea kwa kujifurahisha ni mambo ya Wazungu wenye mikoba mgongoni. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Wazungu hao wa milima ya Alps, katika nchi kama Uswisi na Austria, hawakuteremshiwa njia zao kutoka mbinguni. Zilikuwa njia za wachungaji, za wauza jibini, za watoto wa shule na za waumini waendao kanisani, sawa na zetu. Ila wao walikaa chini wakaamua kuzitunza kabla hazijapotea. Zetu bado zipo, lakini kila mwaka tunaziziba kwa seng'enge.

Wazazi wengi wa mjini hulalamika kila likizo kwamba hapana mahali pa kuwapeleka watoto pasipo kuumaliza mshahara wa mwezi. Nao wanafunzi wa vyuo vya Eldoret wapo wanaokaa mjini humo miaka minne bila kuliona Bonde la Kerio, ambalo ni mwendo wa matatu moja tu. Makala haya ni yao hasa.

UWANDA WA SUGOI

Sugoi iko katika eneo la Turbo, magharibi ya mji wa Eldoret, kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu ulio kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usitarajie vilele vya theluji. Hapa ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa. Ardhi inakwenda kwa mawimbi mapana. Unapanda bila kujua kwamba unapanda, kisha unateremka hadi kwenye kijito chenye matete, unavuka, unaanza kupanda tena. Kando ya njia mna mikaratusi mirefu na nyua za michongoma. Asubuhi na mapema utapishana na bodaboda zilizobeba mikebe ya maziwa, na kwenye majimaji huenda ukabahatika kumwona korongo taji akitembea kwa madaha kama bwana harusi.

Kwa familia yenye watoto wadogo, matembezi ya saa mbili au tatu katika vijiji vya uwanda huu ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Hapana magenge ya kutisha, na njia haichoshi. Wala hapana vibao vya kuonyesha njia au ramani ya matembezi ya kununua dukani. Unafuata barabara za murram zinazotenganisha mashamba, unauliza, unaelekezwa. Tahadhari ndogo tu: makazi ya Rais yana walinzi, na si mahali pa kuelekezea kamera wala kuzungukazunguka. Pitia mbali, uendelee na safari yako.

Mtoto anayependa historia ana mengi ya kuulizia hapa. Uwanda huu umebeba jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, waliolisha ng'ombe wao hapa zamani. Kabla yao, wazee husimulia, waliishi Wasirikwa, na mashimo mapana ya mviringo yanayohusishwa na mazizi yao bado yanaonekana sehemu mbalimbali za nyanda za juu za magharibi. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi uwanda huu uwe makao yao. Tume yao ilikuja kuukagua mapema mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano wao mkuu uliofanyika Basel, huko Uswisi, ukaikataa zawadi hiyo. Mwaka 1908 wakafika Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai. Mji wa Eldoret ulichipuka kwenye shamba lililopewa nambari 64, na hadi leo wazee wa Kikalenjin huuita Sisibo, kutokana na matamshi ya nambari hiyo kwa Kiingereza.

Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba mengi makubwa ya walowezi yalinunuliwa na wananchi kupitia vyama vya ushirika na kampuni, kisha yakagawanywa vipande. Kumbuka neno hilo, vipande. Tutalirudia baadaye, kwa maana ndilo lililoamua mtoto wa Sugoi apite wapi aendapo shule.

HADI UKINGO WA BONDE LA UFA

Ukishatembea uwandani, miguu ikazoea, panda gari la Eldoret kisha la Iten. Kutoka Eldoret hadi Iten ni kama kilomita 35. Njiani utauona mlima mdogo wa Sergoit umesimama peke yake katikati ya mashamba, kama mgeni aliyechelewa karamu. Nchi inaendelea kuwa tambarare, unapita chini ya lango maarufu linalowakaribisha watu katika makao ya mabingwa, na bado huoni dalili ya bonde. Kisha, hatua chache kutoka mjini, ardhi inakatika. Mbele yako ni hewa tupu, na chini kabisa, mita 1,200 hivi chini ya nyayo zako, ni Bonde la Kerio, na mto wake unaotiririka kaskazini kuelekea Ziwa Turkana. Ng'ambo ni milima ya Tugen, na mji wa Kabarnet umekaa mgongoni mwake.

Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi huijua kwa wanariadha. Shule ya upili ya St. Patrick's ndiyo aliyofundisha Brother Colm O'Connell kutoka Ireland, aliyefika mwaka 1976. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake ni Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London tarehe 9 Agosti 2012. Basi ukiamka mapema utawaona wakimbiaji makundi kwa makundi kwenye barabara za murram. Lakini ukiwaacha hao waende na mbio zao, wewe ukaelekea ukingoni, utakuta njia nyembamba zilizokuwako kabla ya saa ya kupimia mbio haijafika nchi hii.

Njia hizo zina sababu yake. Wakeiyo, wenyeji wa ukuta huu, waligawana ardhi kwa namna ya ajabu na ya busara. Ardhi ya kila ukoo ilikuwa kama utepe, unaoanzia msituni juu, ukashuka ukutani hadi sakafu ya bonde. Juu, Mosop, kulikuwa na baridi, malisho ya ng'ombe na kuni. Chini, Soin, kulikuwa na joto, mbuzi, mizinga ya nyuki na mashamba ya wimbi na mtama, ila kulikuwa pia na malaria. Kwa hiyo wengi walijenga katikati, kwenye vibaraza vya ukuta, mahali penye chemchemi na pasipo mbu wengi. J. A. Massam, ofisa wa utawala wa kikoloni, aliandika kitabu kuwahusu mwaka 1927 akawaita watu wakaao magengeni. Kwa watu kama hao njia ya miguu ilifanya kazi ya ngazi ya nyumba. Mama aliyetaka wimbi alishuka, na kijana aliyepeleka ng'ombe alipanda. Mskoti Joseph Thomson aliupanda ukuta huu mwaka 1883 akitoka upande wa Baringo, naye alikuta watu wake wameshaujua vema.

Kwa familia, matembezi ya kuanzia ni kutoka Iten kushuka hadi Kessup, kijiji kilichokaa kwenye kibaraza kimojawapo chini ya ukingo. Hapo mna maporomoko ya maji, mashamba madogo ya mboga na ndizi, na mandhari ya bonde zima. Ni safari ya nusu siku, kwenda na kurudi. Wenye miguu imara na vijana wa vyuo wanaweza kuendelea chini hadi sakafuni. Wakitaka kupumzika, mji mdogo wa Tambach uko ukutani humohumo. Huko ndiko yalikokuwa makao ya utawala wa wilaya wakati wa ukoloni, kabla hayajahamishiwa Iten.

Mwambie mtoto aangalie mawe anaposhuka. Juu kabisa ni lava iliyoganda mamilioni ya miaka iliyopita, aina iitwayo fonolaiti, jina litokanalo na Kigiriki lenye maana ya jiwe litoalo sauti, kwa kuwa kipande chake kikigongwa hulia kama chuma. Akishuka zaidi atakutana na miamba mikongwe zaidi, iliyokuwapo kabla ya lava hiyo kumwagika. Mimea nayo hubadilika. Ataacha misitu ya baridi, apite mahindi, kisha migunga na mimea yenye utomvu, na kule chini miembe. Hilo ni somo la jiografia ambalo darasani huchukua muhula mzima.

KUSHUKA SI KAZI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wageni wengi hulipuuza. Katika vijiji vya Alps, nyumba ziko bondeni na kilele kiko juu. Mtembezi huanza kwa kupanda akiwa na nguvu zake za asubuhi, na akichoka hugeuka, kwa maana kurudi ni kuteremka. Elgeyo ni kinyume chake. Mji uko juu, na unaanza kwa kuteremka. Miguu inakwenda yenyewe, watoto wanakimbia, kila mtu anajiona shujaa. Ukifika chini ni saa sita ya mchana, jua ni kali, maji yamekwisha, na nyumbani kuko juu ya kichwa chako. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini huku aliye chini hatangojwa na mtu, sharti apande mwenyewe.

Ipo kanuni rahisi iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith. Hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme umeshuka kilomita 8, na kimo ulichopoteza ni mita 1,000. Kurudi ni saa 1 na dakika 36 za mwendo, ukiongeza saa 1 na dakika 40 za kupanda. Jumla ni saa 3 na dakika 16, tena kwa mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama kupumzika. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi, zidisha mara mbili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya hesabu hii kabla ya safari, na yafaa apewe kazi hiyo.

Joto nalo lina hesabu yake. Kila unaposhuka mita 1,000 hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Kutoka Iten hadi chini kuna tofauti ya karibu nyuzi 8. Ndiyo maana mtu huondoka juu amevaa sweta na kufika chini akitafuta kivuli.

Shauri langu ni hili. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkienda hadi sakafuni, msirudi kwa miguu. Shukeni kwa miguu, mrudi kwa gari, kwa kuwa barabara ya lami ya kutoka Iten kupitia Tambach hadi Kabarnet ina matatu. Kila mtu mzima abebe maji yasiyopungua lita mbili, na mtoto abebe yake kiasi cha kimo chake. Chukueni mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, viazi vitamu na chumvi kidogo. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa, si vipya kutoka dukani. Kofia na sweta ni lazima, hata kama mojawapo inaonekana haina kazi. Mtu wa Pwani apumzike Eldoret siku moja kwanza, kwa maana hewa ya juu ni nyepesi na kichwa kinaweza kumuuma.

Miezi ya ukame, Desemba hadi Februari, ndiyo mizuri zaidi. Wakati wa masika kaa mbali na ukuta. Mnamo Aprili 2020 maporomoko ya udongo na mafuriko yaliizoa sehemu ya soko la Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi, na watu wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 msiba kama huo ukaikumba Chesongoch, katika Marakwet. Mvua ikiwa imenyesha kwa siku kadhaa mfululizo, ahirisha safari. Vilevile sehemu za kaskazini za bonde zimeteseka kwa miaka mingi kwa wizi wa mifugo na bunduki, hivyo usiende huko kwa kubahatisha. Uliza kwanza, na ubaki upande wa Iten, Kessup na Tambach, ukiwa na kijana wa huko wa kukuongoza. Mlipe ujira wa haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

WASWISI WALIPIGA KURA

Nimetaja Uswisi mara kadhaa, na sasa nieleze kwa nini. Miaka ya 1930 magari yalianza kujaa katika barabara za milima yao, na watembeao kwa miguu wakawa wanakula vumbi na kuruka mitaroni. Mwalimu mmoja wa shule, Johann Jakob Ess, alichoshwa na hali hiyo. Yeye na wenzake wakaanza kuweka alama kwenye njia za miguu, na mwaka 1934 wakaunda chama cha nchi nzima cha kuzitunza. Tarehe 18 Februari 1979 wananchi wa Uswisi walipiga kura, wakaingiza njia za miguu ndani ya katiba yao. Sheria ya mwaka 1985 ikafuata. Inasema kwamba njia iliyo kwenye mpango ikifungwa, au ikitiwa lami isiyomfaa mtembezi, sharti itafutwe nyingine badala yake.

Leo nchi hiyo ndogo, ambayo Kenya inaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara kumi, ina kilomita 65,000 hivi za njia za kutembea zenye alama. Vibao vya rangi ya manjano huonyesha jina la mahali na saa za mwendo, si kilomita, kwa kuwa kilomita moja ya kupanda si sawa na kilomita moja ya tambarare. Wageni humiminika, na vijiji vinavyoishi kwa ng'ombe na theluji vinapata riziki ya tatu. Sikusudii kusema tuwaige katika kila jambo. Nasema tu kwamba mwalimu wa shule alianza na kopo la rangi, na nchi ikamfuata.

KIPANDE HIKI, KIPANDE KILE

Turudi sasa kwenye lile neno vipande. Shamba kubwa la zamani lilipokuwa la mtu mmoja au la ushirika, njia zililikata katikati, na hakuna aliyejali, kwa maana ardhi ilikuwa pana. Lilipogawanywa, mpimaji alichora barabara za kufikia kila kipande. Barabara hizo ziko kwenye ramani ya ofisi ya ardhi, na kuzifunga ni kosa. Lakini ule ujia wa mkato, uliokwenda moja kwa moja kutoka kijijini hadi shuleni, kisimani au zahanati, haukuchorwa. Uliendelea kwa hisani tu. Kisha mwenye kipande akafa, watoto wakagawana. Mmoja akaweka seng'enge, mwingine akapanda mahindi hadi mpakani, wa tatu akauza kwa mtu wa mjini aliyejenga ukuta wa mawe. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna aliyefanya ubaya, kila mmoja alilinda chake, lakini ujia umekufa.

Anayelipa ni mtoto. Upande wa Turbo umepakana na barabara kuu iendayo Malaba na Uganda, ambamo malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Ujia wa mashambani ukizibwa, mtoto wa darasa la pili anayekwenda shule hana budi kuzunguka, na mzunguko huo mara nyingi humtoa barabarani, kwenye ukingo wa lami, pamoja na malori. Kwa hiyo msomaji usidhani kwamba njia za matembezi ni anasa ya watu walioshiba. Njia atakayoipita mtalii Jumamosi ndiyo aipitayo mtoto Jumatatu. Ikifa ya mmoja, imekufa ya wote wawili.

Je, sheria yetu inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu kuwa ardhi ya umma barabara na njia zote zilizowekwa na sheria za Bunge. Ujia wa kijijini usioandikwa popote hauna kinga hiyo. Lakini si kwamba hauna mtetezi kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu wa kuanzisha njia ya umma kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Tena ipo sheria ya zamani, ile inayoweka mipaka ya muda wa kufungua kesi, isemayo kwamba watu wakiitumia njia kwenye shamba la mwingine kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, kwa amani na kama haki yao, wanaweza kupata haki kamili ya kuipita. Sharti ni ushahidi. Wazee wanaokumbuka ujia ulianza lini wanazeeka, na wengine wametutoka.

Kwa hiyo kijiji chenye busara hakingoji seng'enge. Kinakaa na mwenye shamba mapema, mbele ya mzee wa kijiji na chifu, kinakubaliana upana wa ujia, pengine mita moja na nusu tu pembeni mwa mpaka, na kuandika makubaliano hayo yakatiwa sahihi. Mwenye shamba naye ana haki zake. Asikanyagiwe mahindi, asiibiwe mbao za ua, asiachiwe lango wazi ng'ombe wakatoka. Mwanafunzi wa sheria au wa upimaji anayesoma makala haya na anayetafuta mada ya mradi wake wa mwaka wa mwisho, mada ndiyo hii. Chukua kijiji kimoja, tembea na wazee, chora kila ujia kwa kalamu, andika umri wake. Karatasi hiyo huenda ikawa na thamani kuliko alama utakazopewa.

ADABU YA NJIA

Nasi tutokao mjini tuna wajibu wetu, kwa kuwa mgeni mmoja mwenye kiburi anaweza kufungisha njia iliyodumu miaka hamsini. Ukikutana na mtu, msalimu kwanza. Kwa Kikalenjin utasema "chamgei", naye atakuitikia. Mzee mwite mzee, mama mwite mama, hata kama wewe una digrii tatu. Usipige picha ya mtu, mtoto wala nyumba bila kuomba. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Usichume muwa wala hindi, hata moja. Karatasi na chupa rudi nazo mjini. Msituni pana walinzi wa Shirika la Huduma za Misitu na taratibu zao, basi uliza kabla ya kuingia. Ukikaribishwa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu kutokana na makaa ya mti, pokea kwa mikono miwili, onja hata kama huyajui, kisha useme "kongoi", yaani asante.

Na usipite tu kama upepo. Nunua mayai, parachichi au asali njiani. Mwenye shamba akiona kwamba ujia ule unamletea mteja wa asali kila Jumamosi, atafikiri mara mbili kabla ya kuuziba, na huenda akawa wa kwanza kuulima majani. Hizo ndizo kura zetu, mpenzi msomaji. Waswisi walipiga zao kwa karatasi, sisi twaweza kuanza kwa kupita, kusalimu na kununua.

Basi likizo ijayo, kabla hujawaambia watoto kwamba hapana pesa za kwenda popote, hesabu nauli ya Eldoret. Anzeni na uwanda wa Sugoi, mmalizie kwenye ukingo wa Iten. Mkirudi, mwulize kila mtoto akuchoree njia mliyopita, mahali palipokuwa na mto, mti mkubwa, lango na mbwa mkali. Iweke michoro hiyo vizuri, uandike na tarehe.

Hadi Jumapili ijayo panapo majaliwa, nakutakia mwendo mwema.